Chungu cha Bwana Majani

Nyie mnaokuja kwangu na kanga mpya na kucha ndefu mkisema mnataka kufundishwa ufinyanzi, kwanza vueni hizo kanga mfunge za zamani. Udongo wa mbugani hautoki kwenye nguo kirahisi, na mama zenu watakuja kunigombeza mimi. Kisha kateni kucha. Halafu kaeni chini mnisikilize, maana mikono yangu haifinyangi tena. Kimebaki kinywa, na hicho hakijawahi kuomba kupumzika.

Kila anayekuja huniuliza swali lile lile: "Bibi, siri yake nini?" Mnadhani kuna kitu nimekifukia chini ya kitanda. Udongo unachimbwa mbugani mvua zikishakatika, kabla jua halijaugeuza jiwe. Unauanika, unautwanga, unaupepeta kwenye ungo kama unavyopepeta uwele. Kisha unachukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, unavisaga mpaka viwe chenga, unachanganya na udongo. Hizo chenga ndizo zinazoufanya udongo uvumilie moto. Mwanamke aliyefanya uvivu wa kusaga hujulikana siku ya kuchoma, na hajulikani nyumbani kwake tu, kijiji kizima humsikia.

Mimi nilisikika. Nilipoolewa huku Makutupora nilijisifu kwa mama mkwe wangu kwamba kazi ya udongo naijua tangu utotoni. Mama mkwe aliitwa Matika, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, na hakuna aliyemfikia kwa vyungu upande huu wote. Alinisikiliza, akanipa udongo, akakaa pembeni kunitazama. Vyungu vyangu vilipasuka motoni pa! pa! pa! mpaka mbuzi wakakata kamba. Nikangoja matusi. Yeye akazunguka akiokota vigae, akavijaza kwenye ungo, akaniwekea mbele yangu pamoja na jiwe la kusagia.

"Umetuletea chenga nyingi, mkamwana," akasema. "Ahsante sana."

Nilisaga vigae vile kwa muda mrefu kuliko nilivyojisifu. Ndivyo alivyokuwa akifundisha.

Yeye pia ndiye aliyenifundisha kutazama. Kwetu nilikotoka tulichora mistari tu shingoni mwa chungu, basi. Matika alikuwa akipita porini kama mtu aliyedondosha kitu. Akiona suke zuri la uwele, analibeba, na jioni analiviringisha juu ya udongo mbichi, chungu kinavaa mkanda wa punje. Akiokota ganda la mgunga, analikandamiza, linaacha tumbo lake na mbegu zake. Madoa ya ndege kanga aliyatoboa kwa mwiba, moja moja, akiimba kwa sauti mbaya. Na ule mpasuko wa tope la mbugani linapokauka, ule mnaokanyaga kila siku bila kuutazama, aliuchora kwa kucha kuzunguka mtungi, na mtungi ulionekana mzuri hadi mtu anaona aibu kuutia maji.

Siku moja nilimwuliza kwa nini tunahangaika hivyo na chungu ambacho masizi yatakifunika kabla ya mwezi kwisha.

"Na wewe unapojipaka mafuta ukaenda kulala gizani," akasema, "unajipaka kwa ajili ya nani?"

Sikuuliza tena. Nyie chekeni tu, na nyie mtaolewa.

Sasa nyie mna sufuria za bati. Mnasema zinaivisha upesi. Ni kweli, zinaivisha upesi na kuunguza upesi zaidi, na maharage ya sufuria nayala kwa adabu tu. Vyungu vyenu mnavipeleka stesheni Dodoma kuwauzia wasafiri wa gari moshi, wakaweke maua. Siwalaumu. Nataka mjue tu kwamba mtu wa kwanza kutaka chungu kisichopika wala kuteka maji hakushuka kwenye gari moshi. Alikuja kwa miguu, siku za Mjerumani, reli haijafika, na mimi ndiye niliyemfinyangia.

Siku hizo Kiswahili changu nilikuwa nimekipata kwa askari. Kwa hiyo nilijua njoo, nilijua lete, beba, na upesi. Kwa muda mrefu nilidhani lugha yote iko hivyo, na kwamba watu wa pwani wakikutana asubuhi wanafokeana kisha kila mtu anakwenda zake.

Mwaka ninaousema, akida alipita na askari akachukua mwanamume mmoja katika kila tembe. Huyo akida alikuwa mtu wa pwani, amekaa huku muda mrefu mpaka Kigogo chake kikawa kizuri kuliko cha baadhi yetu, na alikuwa akituonea huruma kwa maneno mazuri huku akifanya vile vile alivyotumwa. Wanaume walipelekwa bomani kubeba mawe, maana Wajerumani walikuwa wakiongeza ukuta. Baada ya mawe, walisema, kutakuwa na mizigo ya kwenda pwani. Aliyekwenda na mizigo, wakati mwingine alirudi.

Kwetu walimchukua Ndahani, mume wangu. Alikuwa mrefu, mzito wa kuamka, mwenye tabia ya kuzungumza na ng'ombe kuliko na watu. Tulikuwa hatujakaa muda mrefu pamoja. Nilimpenda. Nawaambia hivyo wazi kwa sababu siku zile hatukuwa tukisema mambo hayo, na yeye hakuyasikia hata mara moja kabla hawajamchukua. Nilitaka arudi. Hayo mengine yote ninayowasimulia ni kwa sababu hiyo tu.

Haya, sikilizeni mwiko wetu, maana naona siku hizi mmeuacha. Mwanamke mwenye mtu wake safarini anaweza kuchimba udongo, anaweza kufinyanga, anaweza kuanika. Kuwasha moto wa vyungu, hapana. Akiuwasha yeye, vyungu vitapasuka, na huko aliko mtu wake naye atapasuka. Kwa kawaida halikuwa jambo zito. Unamwita jirani ambaye watu wake wote wako nyumbani, anakuja, anauwasha, mnampa chungu kimoja, anaondoka. Lakini akida alikuwa amechukua mtu kila tembe. Hapakuwa na jirani. Kila nyumba ilikuwa na mtu safarini, na kila nyumba ilikuwa na vyungu vibichi vimejipanga ukutani, vimekauka, vizuri, vya bure. Wenzetu wengine walirudi kupikia vigae.

Nilimwuliza mama mkwe kama bomani nako ni safari, maana ni mwendo wa nusu siku tu. Nilikuwa natafuta mlango.

"Asiyelala kwake yuko safarini," akasema. Mlango ukafungwa.

Ndipo akaja Bwana Majani. Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa Mjerumani wa bomani, lakini hakuwa kama wengine. Alitembea porini akiokota majani na maua, akiyalaza katikati ya karatasi na kuyafunika vizuri, utadhani yamechoka. Hakupiga mtu. Alipofika kwetu na akida alisimama mbele ya vyungu vyetu vibichi, akavua kofia yake ngumu, akapiga magoti chini kabisa. Mama mkwe alidhani anaumwa na tumbo.

Alikuwa ameona ganda la mgunga kwenye udongo. Alilitambua. Akatambua na uwele, akatambua na jani la mlenda, kila moja akilitaja kwa jina refu la kwao, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kweli. Kisha akasema, na akida akatugeuzia kwa Kigogo, kwamba anataka chungu kimoja, kikubwa, chenye mimea ya nchi hii yote, akipeleke kwao Ulaya. Huko kuna nyumba kubwa ambamo watu huingia kutazama vitu.

"Kutazama tu?" mama mkwe akauliza.

"Kutazama tu," akida akasema.

"Hawana vyombo vya kupikia?"

Akida hakulipeleka swali hilo. Aliuliza lingine, lenye faida: sisi tunataka nini? Kabla mama mkwe hajafungua kinywa nilikwisha kusema. Nataka Ndahani atoke kwenye mawe arudi nyumbani. Bwana Majani alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni kama anasikia habari ya mawe kwa mara ya kwanza, akanishika mkono mbele ya watu wote. Chungu kikitoka kizima, akasema, yeye mwenyewe atamleta Ndahani mpaka mlangoni petu.

Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Hilo mlishike, asije mtu akasema nilimsingizia.

"Kifanye kidogo," mama mkwe aliniambia walipoondoka. "Kidogo kinakauka upesi. Mwanangu atarudi upesi."

Lakini nilikuwa kijana, na mtu alikuwa amepiga magoti mbele ya udongo wangu. Nilitaka kumpa chungu ambacho hataweza kukisahau mpaka ahadi yake imetimia. Nilichanganya chenga mara mbili. Nilipandisha kuta kidogo kidogo, leo kipande, kesho kipande, nikifunika ukingo kwa majani mabichi usikauke kabla kipande kingine hakijapanda. Nyie mnapandisha chungu chote kwa siku moja kisha mnashangaa kimeketi kama mlevi. Ndani nilisugua kwa kipande cha kibuyu, nje kwa jiwe laini la mtoni. Kilipokamilika kilinifika kiunoni, na watu walikuja kukitazama. Naona na sisi tulikuwa na nyumba ya kutazamia, sema haikuwa na mlango.

Bwana Majani alikuja mara kwa mara kusimamia mimea yake. Mgunga tukakubaliana. Uwele tukakubaliana. Kisha akatoa kwenye karatasi zake ua dogo la zambarau, zuri, akaniashiria niliweke kuzunguka bega la chungu, mahali pa heshima.

Lilikuwa kiduha.

Nyie mnalima, sina haja ya kuwaeleza kiduha. Kikiota shambani uwele wote unanyongeka, na mtu anabaki na maua mazuri na njaa. Mama mkwe alitema mate chini.

"Mwambie hilo ni adui," akamwambia akida.

Akida akasema. Bwana Majani akalitazama ua kwa mapenzi, akajibu kwamba anajua, ndiyo maana linamshangaza: linakunywa maisha ya mwenzake na bado linachanua vizuri namna hiyo. Akida alitugeuzia maneno hayo polepole huku akiangalia pembeni, na sisi wanawake tukatazamana. Nikakiweka kiduha begani. Ningeweka hata nzige kama angeleta.

Chungu kikakauka kivulini, taratibu, kama inavyotakiwa. Kikabaki moto. Hapo ndipo tulipokwama, maana mimi nilikuwa na mtu safarini, na nisipokichoma chungu hicho hatoki, na sina ruhusa ya kukichoma mpaka atoke. Nililia. Mama mkwe aliniacha nilie nimalize, kisha akaniambia atawasha Bwana Majani.

"Mama, yeye ni mwanamume," nikasema. Wanaume hawasogelei moto wa vyungu, huo nao ni mwiko.

"Mwiko huo uliwekewa wanaume wa hapa," akasema. "Yule hakuwapo ulipowekwa."

Basi alipokuja akamkalisha kwenye kigoda na kumhoji, kupitia kwa akida, kama anavyohojiwa mtu anayeposa. Je, ana mke? Anaye. Yuko wapi? Yuko nyumbani Ulaya. Mama yake? Nyumbani. Ndugu zake? Nyumbani, wote wazima. Kuna mtu wake yeyote aliye safarini? Bwana Majani akafikiri sana, mtu wa haki, akacheka.

"Hakuna," akasema. "Aliye safarini ni mimi."

"Basi anafaa," mama mkwe akasema. "Mkewe ndiye asiyeweza kuchoma chungu, maskini, tangu huyu atoke."

Tukakizungushia samadi kavu ya ng'ombe, magome na vijiti, tukakifunika mpaka hakionekani. Bwana Majani alikuja siku hiyo amevaa nguo nyeupe, akiamini kabisa kwamba tumempa heshima kubwa ya kabila letu. Alisimama na kibiriti chake akasema maneno machache ya Kijerumani. Akawasha upande upepo unakotoka, tulivyomwonyesha, kisha badala ya kurudi nyuma akainama atazame, na ndevu za upande mmoja zikaondoka. Akida alimkimbilia. Sisi wanawake tuliinamisha nyuso chini, mabega yanatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu wanaume wachukuliwe, na kwa kweli nilimshukuru.

Sikupumua mpaka moto ulipolala. Sikusikia pa hata moja. Kesho yake tulipofukua majivu, mama mkwe alikigonga kwa kifundo cha kidole kilichopinda, na chungu kikaitika kwa sauti safi iliyokwenda mbali. Kilikuwa chekundu, chenye vivuli vyeusi moto ulipokilamba, na mimea yote ya nchi ilikuwa imesimama juu yake. Sijawahi kufanya kizuri kama kile tena. Mama mkwe alikizunguka mara mbili.

"Sasa unajua kufinyanga," akasema. Nililisubiri neno hilo tangu siku ya chenga, na lilipokuja nilikuwa natazama njia ya bomani.

Bwana Majani akamleta Ndahani, kama alivyoahidi, mpaka mlangoni. Alikuwa amekonda, viganja vimepasuka kwa mawe, lakini ni yeye. Alimsalimia mama yake, akaingia zizini kuwasalimia ng'ombe, kisha akaja kusimama karibu yangu. Mama mkwe akasonga ugali, akaweka mlenda. Bwana Majani alikula nasi kwa mkono, akajipaka mlenda ndevuni, upande uliobaki.

Kisha akataka chungu chake. Askari wawili wakakiinua, hakina pa kushika, wakayumba, wakakirudisha chini. Wakajaribu kukitia kwenye machela, kikataka kubiringika. Bwana Majani akashika kichwa. Msafara wa pwani ulikuwa unaondoka siku zile zile, na mzigo ule ungevunjikia kilima cha kwanza. Akatuangalia sisi, akaangalia chungu, akamwangalia Ndahani. Nikaona furaha inampanda usoni, ile ile ya siku aliyopiga magoti.

Akida alitugeuzia. Bwana anasema wabeba mizigo wengine hawana uchungu na chombo hiki. Lakini mume wa aliyekifinyanga atakibeba kwa mapenzi. Ndahani hatarudi kwenye mawe kamwe, na hatabeba mzigo mwingine wowote, ila huu tu, mpaka baharini. Hatachapwa, labda kikivunjika. Na Bwana, kwa mkono wake, anampa kitambaa kipya cha marekani atengenezee ngata ya kichwani.

Aliona anatupa zawadi. Naapa aliona hivyo. Alikuwa akitabasamu, na alinishika mkono tena.

Mama mkwe hakusema, "Nilikwambia kidogo." Angesema ningepata mtu wa kumkasirikia. Alichukua kile kitambaa, akakikunja ngata mwenyewe, nene, kwa vidole vyake vibovu, akamwekea mwanawe kichwani. Watu wanne wakaninyanyulia kazi yangu wakaitua juu ya mume wangu. Akaondoka nayo, shingo imenyooka, na kiduha kikamzunguka kichwa kizima kama shada la bwana harusi.

Kila mfinyanzi huomba chungu chake kifike salama. Mimi nilikaa mlangoni sijui niombe nini. Kikivunjika, kiboko. Kisipovunjika, njia yote ile, jangwa la maji machungu, vilima, homa za bondeni, mpaka pwani, na mimi ndiye niliyetia chenga mara mbili. Nilikijua chungu changu. Nilijua hakitavunjika.

Nawaambia mapema kwamba alirudi, msije mkanililia hapa mkaniharibia udongo. Tulikaa pamoja mpaka uzeeni, baba zenu si walitoka kwake? Alirudi uwele umekwisha kuvunwa, peke yake. Nilimwona akija kutoka mbali na sikumtambua, kwa jinsi alivyotembea: polepole, shingo imenyooka vile vile kama siku aliyoondoka, macho mbele, mikono imeachana kidogo na mwili, hageuki kutazama huku wala kule, hata ng'ombe wake walipomlilia.

Mwanamke mwenye akili angesema pole. Angeleta maji. Angesema lile neno ambalo sikulisema kabla hawajamchukua, nami nilikuwa nimelifanyia mazoezi siku zote zile. Nilisimama mbele yake, na mimi ni mfinyanzi, Mungu anisamehe, kikanitoka kitu kingine kabisa.

"Kilifika?"

Akanitazama kwa macho tu, bila kugeuza shingo.

"Kilifika," akasema. "Mimi bado."